Mashua za Tanga, Garimoshi la Moshi: Jeshi Lililoshushwa Pwani Novemba 1914

(Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya walimu wa historia, wanafunzi na wazee wa mji, imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, habari za mchana.

Mada ya leo ni jeshi kushushwa pwani kutoka baharini wakati wa vita: kwa nini hufanyika, na huacha nini nyuma yake. Mtu anaweza kuuliza, Moshi na bahari wapi na wapi? Kutoka stesheni yetu hadi Tanga ni kilomita 352 za reli. Hoja yangu ni kwamba Waingereza walipojaribu kushusha watu wapatao 8,000 pale Tanga, kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914, matokeo yaliamuliwa na stesheni hiyo. Askari aliyepanda behewa hapa chini ya Kilimanjaro aliwahi. Askari aliyekuwa melini, anayeuona mji kwa macho yake, alichelewa.

Tuanze na sababu. Vita vilipolipuka Agosti 1914, Uingereza ilikuwa na hofu mbili upande huu wa Afrika. Ya kwanza ilikuwa bahari. Wajerumani walikuwa na bandari, walikuwa na mtambo wa simu ya upepo Dar es Salaam, na walikuwa na manowari Königsberg, ambayo tarehe 20 Septemba iliingia Zanzibar alfajiri na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga kwa matengenezo. Meli zilizobeba majeshi ya India kwenda Misri na Ulaya zilipita bahari hiyo hiyo. Ya pili ilikuwa Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa. Tangu tarehe 15 Agosti Wajerumani walikuwa wameikamata Taveta, na kutoka Taveta mtu haendi mbali kuifikia reli ya Mombasa.

Serikali ya India, iliyokuwa chini ya Uingereza, ikaombwa jeshi. Wakaja kwa mafungu mawili. Moja, lililoitwa Kikosi C, lilipewa kazi ya kulinda reli kisha kushambulia kupitia Namanga na Longido. La pili, Kikosi B chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, lilipewa pwani. Mpango kwenye karatasi ulipendeza: B liteke Tanga na lipande na reli kuja Moshi, C lishuke kutoka Longido, Kilimanjaro ibanwe kama kaa la moto kwenye koleo.

Lakini angalieni ramani. Mikono miwili ya koleo lile haikuweza kusaidiana. Kati ya Longido na Tanga Mwingereza hakuwa na njia yoyote ya kuhamisha hata kikosi kidogo kwa haraka. Mjerumani alikuwa katikati, na alikuwa na reli. Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alikuwa amekusanya sehemu kubwa ya jeshi lake hapa, mahali walipopaita Neu Moschi, yaani mji huu tulioketi, kwa sababu ya mpaka wa Taveta.

Sasa hesabu ya treni. Reli ya Usambara ilikuwa ya upana wa mita moja, ikafika Moshi mwaka 1911. Lettow mwenyewe aliandika baadaye kwamba alikuwa na injini nane tu, na kwamba treni moja iliweza kubeba kampuni moja na mizigo yake yote, au kampuni mbili zikiacha mizigo na wapagazi. Kampuni ya askari ilikuwa na watu kati ya 160 na 200, na bunduki za rashasha, zile ambazo wazee waliziita bombom. Treni ya mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa inahitaji kama saa 14 mpaka 18 kutoka hapa hadi Tanga. Hiyo ndiyo namba ambayo afisa yeyote wa Kiingereza alipaswa kuiandika ukutani kabla ya kung'oa nanga: nikionekana asubuhi, kesho asubuhi wanaanza kufika.

Upande wa pili wa hesabu ni mashua. Jeshi halishuki melini kama abiria wanavyoshuka Zanzibar. Meli kubwa haikaribii ufuko; inatia nanga mbali, watu wanateremka kwa ngazi kuingia kwenye matishari, matishari yanavutwa na boti ndogo za mvuke, yanamwaga watu, yanarudi. Chukueni mfano wa darasani. Una matishari manne, kila moja linabeba watu 100, na mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi unachukua saa moja na nusu. Watu 8,000 ni mizunguko 20, yaani saa 30, bila kulala, bila tishari kukwama, na hatujashusha nyumbu hata mmoja, wala maji, wala sanduku moja la risasi. Ndiyo maana anayeshusha jeshi hutafuta kitu kimoja kuliko vyote: adui asijue saa wala mahali. Akikosa hicho, kila mzunguko wa tishari unashindana na treni.

Je, Tanga walikuwa nacho? Hawakuwa nacho hata chembe. Kikosi kilitoka Bombay tarehe 16 Oktoba, kikasafiri polepole, watu wakiugua kichefuchefu ndani ya meli zilizojaa. Habari zilikwisha kuvuja. Magazeti na barua zilizokamatwa zilimfikia Lettow zikitaja jeshi kubwa la Wahindi linalokuja. Tarehe 31 Oktoba wakafika Mombasa. Huko Aitken alipata nafasi ya kuchukua askari wa King's African Rifles, watu wanaoijua nchi, akaikataa. Alionywa pia kwamba askari weusi wa Mjerumani si wa kudharau. Hakusikiliza. Sababu nyingine nitakazotaja leo zina visingizio vya hali ya hewa au maji, hii haina.

Kisha likaja jambo la makubaliano. Mwezi Agosti wakuu wa jeshi la majini la Kiingereza walikuwa wamekubaliana na Wajerumani kwamba Tanga na Dar es Salaam zisishambuliwe. London haikuyathibitisha, lakini jeshi la majini liliona ni lazima litoe taarifa kabla ya kuyavunja. Basi tarehe 2 Novemba, kama saa moja asubuhi, manowari Fox ikaingia Tanga peke yake. Nahodha wake, Caulfeild, akamwita mkuu wa wilaya, Auracher, akampa saa moja kusalimisha mji. Auracher akasema lazima awaulize wakubwa wake. Akashuka, akapeleka habari, akavaa sare, akaenda kujiunga na wapiganaji. Simu ya maandishi ikagonga hapa Moshi siku ile ile. Treni zikaanza kupakia.

Na nahodha yule? Akatumia masaa mengine kufagia mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo. Kwa hiyo tangu Fox ilipoonekana hadi mtu wa kwanza kukanyaga ardhi, mchana mzima ulikwisha.

Mahali palipochaguliwa ni Ras Kasone, ile rasi ya mashariki ya mji, kama kilomita 3 kutoka katikati ya Tanga. Hakuna aliyetumwa kupapima kabla. Ilikuwa usiku wa mwezi mpevu, na mvuvi yeyote wa Tanga angewaambia maana yake: bamvua. Maji yanajaa sana na kupwa sana, miamba inatoka, tope la mikoko linabaki wazi. Matishari yalikwama mbali na ufuko na watu wakateremka majini na mizigo yao, wakipita kwenye mawe na mizizi. Mwanga wa mwezi uliwasaidia kuona njia. Uliwasaidia na waliokuwa wakiwatazama.

Nikae kidogo kwenye jambo la upakiaji, kwa kuwa vitabu vingi vinalipita haraka. Meli ya biashara hupakiwa ili nafasi isipotee: kizito chini, chepesi juu. Meli ya kushusha jeshi hupakiwa kinyume: kitakachohitajika kwanza ufukweni ndicho kinachoingia mwisho, juu kabisa, hata kama nafasi inapotea. Bunduki ya rashasha ikitangulia na risasi zake zikiwa chini ya magunia ya unga, huna rashasha. Tanga, mizinga midogo ya milimani ambayo ingeweza kuvuta vita upande wao haikushushwa kabisa. Ilipigwa kutoka juu ya sitaha ya meli, na wapigaji hawakuona shabaha kwa sababu ya miti. Manowari nayo ilipiga, lakini hapakuwa na mtu wa mbele mwenye simu wa kusahihisha: ongeza, punguza, kulia, kushoto. Mzinga wa baharini usio na macho nchi kavu ni kelele tu, na mara nyingine ni hatari kwa wenyewe.

Alfajiri ya tarehe 3, Brigedia Jenerali Tighe aliamriwa asonge na vikosi alivyokuwa navyo, yaani vikosi vya Kihindi vya Rajputs wa 13 na Pioneers wa 61, ingawa wengi walikuwa hawajashuka bado. Mji ulilindwa na kampuni moja. Wakafika mpaka kwenye mkato wa reli ukingoni mwa mji, pale njia ilipochimbwa chini ya usawa wa ardhi, na mkato ule ukawa handaki la bure kwa walinzi. Wakati wakipambana, treni ya kwanza kutoka huku juu ikamwaga watu wake. Askari waliotoka behewani walipelekwa moja kwa moja ubavuni mwa Tighe. Ikawa kurudi Ras Kasone kwa hasara ya watu karibu 300. Mpaka hapo, mbio zilikuwa zimekwisha.

Lakini sikilizeni hili. Jioni ile ya tarehe 3, Wajerumani walijiondoa mjini wakihofia mizinga ya manowari, wakakaa magharibi. Tanga ikabaki tupu. Lettow alifika kama saa tisa usiku, treni yake ikasimama kilomita 6 kabla ya mji. Akaingia mjini kwa baiskeli. Barabara kimya. Akafika mpaka karibu na bandari, akaziona meli za Waingereza zimewasha taa, karibu kabisa, na kusikia kelele za watu wakiteremka. Alisikitika kwamba mizinga yake miwili ya mtindo wa 1873 ilikuwa bado haijafika. Watu elfu nane walikuwa umbali wa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mji usio na mlinzi, na hakuna doria hata moja iliyokwenda kuangalia. Watu wachache wenye baiskeli walifanya upelelezi ambao jeshi zima halikuufanya.

Tarehe 4 Aitken alianza mashambulizi saa sita mchana. Saa sita, Tanga, Novemba. Sihitaji kuwaeleza jua lile. Watu waliokaa melini zaidi ya majuma mawili, wengine wamepewa bunduki za aina mpya muda mfupi kabla ya safari na hawajazizoea, wakaingia kwenye mashamba na vichaka virefu ambamo mtu hamwoni wa pembeni yake. Mstari ukakatika vipande. Upande wa kulia, kikosi cha Kiingereza cha Loyal North Lancashire na kile cha Kihindi cha Kashmir Rifles walipigana vizuri sana, wakaingia mjini nyumba kwa nyumba na kulifikia eneo la bandari. Katikati, kikosi cha Kihindi cha 63 kilivunjika. Kushoto, Grenadiers wa 101 walijikuta wametanda bila ulinzi wa ubavu.

Na Lettow alikuwa akisubiri ubavu ule. Aliweka kampuni nyuma na kulia kwa mstari wake, na jioni ilipokaribia akazitupa pamoja na bombom ubavuni mwa Waingereza. Jeshi lake lote halikuzidi sana watu 1,000. Wengi walibeba bunduki za mwaka 1871 za risasi moja moja, zinazotoa wingu la moshi kila zikipigwa. Kwa silaha walikuwa nyuma. Kwa mahali na saa, walikuwa mbele.

Nyuki ndio sehemu ambayo kila mtu anaikumbuka, basi tuwape haki yao. Watu wa Tanga walitundika mizinga ya magogo mitini, kama inavyofanyika hadi leo sehemu nyingi. Risasi zikaipasua. Nyuki wakatoka, wakawashambulia hasa Wahindi wa kikosi cha 98, wakawashambulia pia wapiga rashasha wa Kijerumani. Baadaye Uingereza ikavuma hadithi kwamba Wajerumani walifunga kamba kwenye mizinga ili waifungue kwa hila. Uongo mtupu. Nyuki hawakuwa na upande, na vita havikuamuliwa nao. Ni rahisi zaidi kumlaumu nyuki kuliko ratiba.

Usiku huo kichekesho kikajirudia. Tarumbeta ya Kijerumani ilipigwa, makampuni yakaielewa vibaya, yakarudi kambini magharibi ya mji. Tanga tupu tena, usiku wa pili! Waingereza hawakujua tena. Asubuhi ya tarehe 5 Aitken akaamuru warudi melini, na amri ikawa vitu vizito viachwe. Kurudi melini kwa jeshi lililoshindwa ndiyo hatua ya hatari kuliko zote, kwa maana kila tishari linaloondoka linawapunguza wanaobaki kulinda. Hapa waliponea kwa sababu Lettow hakujua kama wanaondoka, alikuwa anangoja shambulio jingine.

Waingereza walipoteza watu karibu 850, waliouawa na waliojeruhiwa. Wajerumani na askari wao karibu 150. Kati ya waliokufa alikuwa Tom von Prince, afisa wa Kijerumani ambaye jina lake lilijulikana sana nchi hii tangu vita vya Mkwawa.

Tuje kwenye matokeo, na hapa nawaomba mtazame ufuko ule ulivyobaki. Bunduki 455 za kisasa. Bunduki kadhaa za rashasha. Risasi zipatazo 600,000. Vifaa vya simu, makoti, mablanketi. Lettow alisema silaha zile zilitosha kuzipa kampuni tatu bunduki mpya. Koloni lililokuwa limefungiwa bahari, lisiloweza kuagiza risasi kutoka Hamburg, lililetewa shehena na adui wake mwenyewe, bila gharama, hadi mlangoni. Mtu akiuliza vita vya Afrika Mashariki viliwezaje kuendelea hadi tarehe 25 Novemba 1918, Lettow aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, sehemu ya jibu ilikuwa imelala kwenye mchanga wa Ras Kasone.

Jambo la pili ni siasa. Gavana Heinrich Schnee hakutaka vita. Alitaka miji isipigwe mabomu. Lettow alikwenda Tanga akiwa tayari kubeba lawama. Baada ya ushindi hakuna aliyeweza kumzuia tena. Nao askari, waliokuwa na mashaka kama wote wanaoajiriwa kupigana vita vya wengine, waliona jeshi la mara nane yao likirudi baharini.

Huku kwetu kaskazini, mkono wa pili wa koleo ulianguka siku ile ile ya tarehe 3. Watu wapatao 1,500 walipanda Longido kutoka Namanga. Ukungu uliwapoteza, Wajerumani walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa, na nyumbu waliobeba maji walitimka. Mnaopita barabara ya Arusha kwenda Namanga mnaujua ukame wa Longido: bila maji mlimani pale huna siku ya pili. Usiku wakarudi. Tazameni jinsi kosa linavyofanana. Mpango ulikuwa na watu wa kutosha, ukakosa kitu kimoja cha kubebwa.

London iliivua India usimamizi wa vita hivi mwezi huo huo, ikaukabidhi kwa Wizara ya Vita. Waingereza wakajikunja, wakalinda reli yao, huku doria za Wajerumani zikitoka Kilimanjaro kuilipua. Januari 1915, kule Yasini mpakani mwa pwani, Lettow alishinda tena lakini kwa risasi 200,000 na maafisa wengi. Akaamua asipigane tena vita vya namna hiyo, bali vya kuvizia na kukimbia. Tanga ilimpa silaha. Yasini ilimfundisha kuzibania.

Niseme neno kwa wanaodhani kwamba kushusha jeshi siku zote ni balaa. Mei 1942 Waingereza walishuka kaskazini ya Madagascar kuichukua bandari ya Diego Suarez, wakihofia nyambizi za Wajapani. Hawakuingia mlangoni, walishuka upande wa magharibi wa rasi, penye ulinzi mdogo, wakaufikia mji kwa nyuma, ghafla, bila kumtumia mtu barua kwanza. Baadaye mwaka huo askari wa Afrika Mashariki nao wakapigana huko. Na Machi 2008 jeshi letu wenyewe, pamoja na Wasudani na Wakomoro, lilishuka Anjouan na kumwondoa Mohamed Bacar, aliyekimbilia Mayotte. Kisiwa kile hakina reli ya kumletea mlinzi msaada.

Nirudi kwenye gharama, maana kubwa kuliko zote haikulipwa Tanga. Njia ya bahari iliposhindikana mwaka 1914, Waingereza walirudi kwa njia ya nchi kavu. Machi 1916 Jan Smuts alipita kwenye pengo la Taveta na maelfu ya watu, akapigana kwenye vilima vya Latema na Reata, akaingia Moshi, kisha Kahe. Tanga yenyewe ilikaliwa Julai 1916 karibu bila kupigana. Jeshi linalotembea linakula, na kusini ya reli hakuna kitu cha kubeba chakula ila kichwa cha mtu, kwa sababu mbung'o alimaliza farasi, ng'ombe na nyumbu. Mpagazi mmoja hula kilo ya unga kwa siku na hubeba kama kilo 25. Akitembea siku kumi na mbili kwenda na nyingine kama hizo kurudi, amekula karibu mzigo wote. Kwa hiyo askari mmoja mbele alihitaji wapagazi wengi nyuma, na wapagazi wale wakahitaji wapagazi. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, na makadirio ya kawaida ya waliokufa upande wa Waingereza pekee yanakaribia laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, kwa midomo yetu ikawa Kariakoo.

Na kwa wale watakaokwenda Kahe wikiendi hii na wanafunzi: mkisimama kwenye makutano ya reli, kuna njia ya reli inayotoka upande wa Taveta. Waingereza walianza kuijenga kutoka Voi mwaka 1915, ikaungana na reli ya Tanga mwaka 1916. Waonyesheni wanafunzi ramani, wapime kwa uzi kutoka Voi hadi Kahe, halafu kutoka Ras Kasone hadi mkato wa reli wa Tanga. Kilomita 3 zilizoshindikana Novemba 1914 zilirudi zikiwa njia hiyo nzima.